Kapsuli badala ya chupa ya damu: njia ya Bugando kwa watoto wa sikoseli

Mtoto mwenye sikoseli anaweza kupata kiharusi hata kabla ya kuanza shule. Seli nyekundu za damu zilizopinda kwa ugonjwa huu huharibu mishipa mikubwa ya ubongo, na damu inayopita penye wembamba huenda mbio. Mbio hizo hupimwa kwa ultrasaundi inayowekwa kwenye panja, bila sindano wala maumivu. Kuanzia sentimita 170 kwa sekunde mtoto yumo hatarini. Zikifika 200, hatari ni kubwa.

Mwaka 1998 utafiti wa STOP wa Marekani ulionyesha kwamba kumwongezea damu kila mwezi mtoto aliyefika 200 hupunguza kiharusi cha kwanza kwa asilimia 92. Ni tiba nzuri, ila kwa familia ya Igoma, jijini Mwanza, ni mzigo mzito mno. Damu hiyo hiyo inasubiriwa na kina mama wanaovuja damu wakati wa kujifungua, watoto wa malaria na majeruhi wa barabarani. Tena damu ya mwaka hadi mwaka hujaza mwili madini ya chuma.

Hospitali ya Bugando ya jijini humo, katika utafiti wa SPHERE ulioanza 2019, iliwapima watoto wa miaka 2 hadi 16, na waliofika 170 wakaanzishiwa haidroksiurea. Dawa hii huamsha himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia seli kupinda. Kasi ya damu ikashuka.

Ugumu uko kwenye dozi. Kianzio ni miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku, kisha hupandishwa hatua kwa hatua. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 400. Ikiwa kapsuli iliyopo ni ya 500, hupewa sita kwa wiki na siku moja hupumzika, wastani wa 21 hivi kwa kilo. Kila hatua hufuatwa na kipimo cha picha kamili ya damu, kwa sababu dawa ikizidi hushusha chembe nyeupe na chembe sahani. Pasipo kipimo hicho, kupandisha dozi ni kubahatisha, na dozi ndogo isiyopandishwa humnyima mtoto faida kubwa.

Kapsuli hizi hazifuti benki ya damu. Bandama likivimba ghafla na kunasa damu, mtoto hupauka kwa saa chache tu, na hapo chupa ya damu haina mbadala. Ndiyo maana mzazi hufundishwa kulipapasa bandama la mwanawe nyumbani, chini ya mbavu za kushoto, na kukimbilia hospitali akilikuta limekua.