Heshima ya Pengo

Tarehe 17 Januari 1851, katika Kaunti ya Coles, jimbo la Illinois, alifariki mkulima mmoja aliyekuwa pia seremala, Thomas Lincoln. Mwanawe Abraham, wakili wa Springfield, hakwenda kumtazama alipozidiwa, wala hakufika mazikoni. Hilo limesemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba baada ya msiba mwana huyo aliifungua Biblia ya nyumbani kwao, akachovya kalamu, akaandika kwa mkono wake kumbukumbu za ukoo: vizazi, ndoa na vifo. Alipofika kwa baba yake aliandika kuwa amefariki akiwa na umri wa miaka 73 na siku 11.

Siku 11! Mtu asiyemzika baba yake anakaa kitako kumhesabia siku. Msomaji wa kawaida ataona hapo majuto, na pengine yamo. Mjuzi wa nasaba ataona na la ziada. Atarudi nyuma siku 11 kutoka 17 Januari, atatoa miaka 73, naye ataangukia 6 Januari 1778: siku aliyozaliwa mtoto wa mkulima huko Virginia, zama ambazo serikali haikuwa na daftari la vizazi kwa watu kama hao. Ndiyo maana mawe mengi ya makaburi ya walowezi yamechongwa umri kwa miaka, miezi na siku. Waliozika waliwaachia wajukuu hesabu, na mjukuu mwenye bidii huifanya.

Ukurasa ule baadaye ulitolewa ndani ya Biblia, ukapita mikononi mwa jamaa, ukachakaa, na haukutufikia mzima. Naitaja hasara hiyo mapema kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu, kazi ya kuunganisha vizazi vya watu wasio na makuu, hufanywa na watu waliozoea kushika vipande.

Walowezi hao walikuwa wakulima wasiotulia. Walifyeka msitu, wakajenga kibanda cha magogo, wakapanda mahindi kati ya visiki, na kabla visiki havijaoza walikwisha kusikia habari za ardhi nono zaidi upande wa magharibi. Kwenye mkokoteni walipakia shoka, sufuria na mbegu, na palipokuwa na msomaji, Biblia nayo ikapata nafasi yake. Wachapaji waliijua haja yao. Kati ya Agano la Kale na Agano Jipya waliacha kurasa tupu za kuandikia vizazi, ndoa na vifo. Kwa familia iliyokaa mwendo wa siku nzima kutoka mahakamani, kurasa hizo ndizo zilizokuwa ofisi ya msajili.

Kuzisoma ni ufundi. Fundi wa kazi hii hakimbilii majina. Kwanza hufungua ukurasa wa mbele kutazama mwaka Biblia ilipochapwa. Kitabu kilichochapwa 1840 hakikuwapo mtoto alipozaliwa 1790. Aliyeandika aliandika kwa kukumbuka au kwa kunakili, na neno lake hupimwa hivyo. Kisha hutazama wino. Watoto tisa wa miaka ishirini, wote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja mnyoofu, ni kazi ya jioni moja. Bali pale wino unapobadilika mtoto kwa mtoto, na mwandiko ulioanza na madaha ya bi harusi ukaishia na mtetemo wa ajuza, hapo pana shahidi aliyekuwapo kila mara. Hutazama pia jina linalorudi: Mary, na miaka mitatu chini yake Mary mwingine. Hashangilii kuongeza mtu. Anajua kwamba huenda wa kwanza amekwisha kuzikwa, hata kama safu ya vifo iko kimya. Pengine mama hakupata moyo wa kuandika.

Ziko kurasa za aina hiyo ambazo hazimo tena katika Biblia yoyote. Mwaka 1836 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu wajane wa askari wa vita vya uhuru kudai pensheni, mradi wathibitishe kuwa waliolewa kabla utumishi wa waume zao haujakoma. Wengi hawakuwa na cheti. Baadhi yao wakachana kurasa za Biblia zao, wakazituma Washington, na hazikurudi. Zimo hadi leo katika mafaili ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Fikiria ajuza aliyekata majina ya wanawe, walio hai na waliokufa, ili karani asiyemjua aamini tu kwamba aliolewa. Ndiyo maana wenye kazi hii huishika karatasi kuukuu kwa mikono miwili.

Nimeutaja ukoo wa Lincoln kwa sababu kwa vizazi sita haukuwa tofauti na maelfu ya koo nyingine za wakulima. Samuel Lincoln alitoka Norfolk, Uingereza, mwaka 1637, kijana aliyekuwa akijifunza ufumaji, akakaa Hingham, Massachusetts. Kizazi baada ya kizazi wakateremka New Jersey na Pennsylvania, na mnamo 1768 John Lincoln akahamia bondeni Virginia. Mwanawe, Kapteni Abraham, akavuka milima hadi Kentucky mwanzoni mwa miaka ya 1780. Mwaka 1786 aliuawa shambani mwake na wenyeji wa asili, watu ambao walikuwa wakiona nchi yao ikikatwa vipande. Mwanawe wa kwanza, Mordecai, alikimbilia nyumbani, akachukua bunduki na kumuua mshambuliaji. Mdogo wake, Thomas, mwenye miaka minane, alikuwa kando ya maiti ya baba. Mjukuu aliyekuja kuwa rais aliandika mwaka 1854 kwamba kati ya masimulizi yote ya ukoo, hilo ndilo lililomganda zaidi.

Masimulizi huganda moyoni, lakini maisha ya watu huamuliwa na karatasi za mahakama. Kapteni hakuacha wosia. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na sheria ya mirathi iliyokuwa karibu kufutwa ilimpa ardhi yote mwana wa kwanza. Mordecai akarithi, Thomas akakua kibarua. Anayeshangaa kwa nini rais huyo alizaliwa kibandani ilhali babu yake alimiliki maelfu ya ekari hatapata jibu katika kisa cha bunduki. Atalipata kwa mtu aliyekubali kukaa na majalada ya mirathi hadi macho yakamuuma.

Na ardhi yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kentucky ilipimwa kwa mnyororo wa futi 66, na kona za shamba zikatajwa kwa vilivyokuwapo: mwaloni mweupe, jiwe, mdomo wa kijito. Mwaloni ukaanguka, kijito kikahama, na watu wawili wakashika hati za shamba moja. Thomas alinunua au kukodi mashamba matatu huko, na hati zikamletea hasara na kesi. Desemba 1816 akavuka Mto Ohio kuingia Indiana, ambako serikali ilikwisha kuigawa nchi kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba vipande 36 vya ekari 640. Mwanawe alieleza baadaye kuwa utumwa ulichangia kumhamisha baba yake, ila kilichomsukuma hasa ni matatizo ya hati. Zile kesi zilimuumiza mkulima, lakini mtafutaji wa nasaba huzibariki: kila kesi iliita mashahidi, na shahidi akiapa hutaja jina lake, jirani zake na miaka aliyowajua.

Huko Indiana, tarehe 5 Oktoba 1818, Nancy Hanks, mke wa Thomas, alikufa kwa ugonjwa wa maziwa. Ng'ombe walikula mmea wenye sumu msituni, sumu ikapita katika maziwa, na wakati huo hakuna daktari aliyejua kisa chake. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe la kudumu. Kisha, akiwa chini ya udongo, akasingiziwa. Mwanawe alipopata jina ilinong'onwa kwamba Nancy hakuolewa kihalali, kwa kuwa hati ya ndoa ilitafutwa Kaunti ya Hardin, walikokaa, isionekane. Mwaka 1878 karani wa mahakama ya kaunti nyingine, Washington, akaikuta katika karatasi zake. Mchungaji Jesse Head alikuwa ameorodhesha ndoa alizofungisha, na ya Thomas na Nancy ilikuwamo: 12 Juni 1806. Walioeneza uvumi walitazama alikohamia bwana harusi. Ndoa ilifungwa walikokuwa watu wa bi harusi, kama ilivyo desturi ya ndoa nyingi duniani. Karani yule hakuandika kitabu wala hakusimamishiwa sanamu, lakini kwa karatasi moja alimsafisha marehemu ambaye hakuwa na wa kumtetea.

Hata hivyo, ninachokienzi zaidi katika kazi hii ni ujasiri wa kutoandika. Mwaka 1848 Solomon Lincoln wa Hingham, aliyekuwa amechapisha historia ya mji wake, alimwandikia Abraham Lincoln, wakati huo mbunge, kumuuliza asili yake. Mbunge alijibu alichokijua: babu yake alitoka Kaunti ya Rockingham, Virginia, na kabla ya hapo alisikia kuwa watu wake walitoka Pennsylvania. Majina ya pande zote mbili yalifanana ajabu: Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Mtu mwenye pupa angeunga pale pale, akajipatia babu wa 1637 bila jasho. Mbunge alisita, na miaka kumi na mmoja baadaye bado aliandika kwamba juhudi za kuwaunganisha na watu wa New England hazikuzaa zaidi ya mfanano wa majina. Kiungo kilithibitishwa baada ya kifo chake, kwa wosia na hati za mashamba. Alifariki akiwa na pengo katika nasaba yake, na pengo lile lilikuwa safi: halikuwa na uongo wa kung'olewa kwanza. Baba mzazi wa Nancy, kwa upande wake, hajathibitika hadi leo, na mwandishi mwaminifu huiacha nafasi hiyo wazi.

Pupa nayo ina historia yake. Gustave Anjou, aliyefariki 1942, alitajirika kwa kuwaandikia matajiri wa Marekani nasaba za kutunga, zikiwapeleka hadi kwa mabwana wa Ulaya, na vitabu vyake bado vinapotosha watu. Wahenga walikwisha kuonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Dhidi ya watu wa namna hiyo alisimama Donald Lines Jacobus, aliyeanzisha mwaka 1922 jarida lililokuja kuitwa The American Genealogist, akashikilia kwamba kila kiungo kati ya mzazi na mwana kidai ushahidi wake. Siku hizi Anjou hahitajiki. Kompyuta inapendekeza babu, mtu anabonyeza kukubali, na kwa usiku mmoja anajipatia vizazi kumi na viwili, kimojawapo kikiwa na mama aliyezaliwa baada ya mwanawe. Jirani ananakili, jirani wa jirani ananakili, na kosa likishanakiliwa mara mia linaitwa ukweli. Hakuna aliyetazama wino.

Yapo pia mapengo ambayo hayakuachwa kwa uaminifu, yalichimbwa. Sensa za Marekani toka 1790 hadi 1840 zilimtaja mkuu wa kaya peke yake. Mke na watoto walikuwa tarakimu. Mwaka 1850 kila mtu huru akaandikwa jina. Watumwa, ambao mikono yao ilifyeka msitu ule ule na kulima pamba na tumbaku, waliandikwa kando mwaka 1850 na 1860: umri, jinsia, rangi, chini ya jina la bwana. Majina hayakutakiwa. Anayetafuta bibi yake katika umati huo hana budi kupitia orodha za mali za mabwana waliokufa, na akimwona, atamwona mstari mmoja chini ya majembe na ng'ombe, pamoja na bei yake. Mwacha asili ni mtumwa, tumezoea kusema. Hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Mtu anayeweza kuurudisha ukoo kama huo vizazi vitatu tu amefanya kazi kubwa kuliko anayejipeleka hadi kwa wafalme kwa kubonyeza.

Mengine yalimezwa na moto. Januari 1921 moto uliwaka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington. Sensa ya 1890 iliharibika kwa moto na maji, mabaki mengi yakateketezwa baadaye kwa amri, na karibu yote ikatoweka. Kwa wazao wa wakulima waliokwenda Nebraska, Kansas na Dakota, miaka ishirini ya ukoo ikawa kiza. Wenye kazi hii huitaja bado kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Sisi hatuna moto wa kusingizia, wala hatukosi wino na karatasi. Picha zimejaa simuni kwa maelfu, na hakuna aliyeandika jina la yule mama aliyesimama kushoto, wala kijiji alikozaliwa, wala aliolewa na nani. Yule mkulima wa Indiana alihama msitu hadi msitu akiwa na karatasi chache zenye kasoro, na bado wazao wa jirani zake wanaweza kumfuata shamba kwa shamba. Watakaotutafuta sisi baada ya miaka mia watakuta nyuso nyingi kuliko kizazi chochote kilichotangulia, wasijue ni za nani, nao watakuwa na haki ya kutuita wazembe.