Wasia na Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huu hutumiwa zaidi kumkumbusha mgeni asizidishe makazi. Lakini katika nchi ya Wasukuma, ambamo Bariadi imo, waweza kusomwa kwa jicho jingine: aliyepewa jembe si mgeni tena.

Usomaji huo una uzito wake. Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Kwa miongo kadhaa, huko Usukumani, vikongwe wameuawa au kufukuzwa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Aliyenusurika hutibiwa jeraha, hupewa nasaha, hatimaye hupata usingizi. Kisha? Hapo huhitajika mtu asiye tabibu wala mnasihi: wa kumwuliza aliyepona anataka kwenda wapi, na kumsindikiza hatua kwa hatua.

Ushairi wa pwani wamjua mwelekezi huyo, ila kwa nusu. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karne ya 19, mama mgonjwa amwita binti yake akae karibu, na wino na karatasi. Uzuri wa utendi huu ni kumkabili mtu mmoja, kwa mapenzi na bila haraka. Upungufu wake, kwa haja iliyotajwa, ni kwamba binti ana kalamu lakini hana kauli. Huelekezwa, haulizwi.

Bugobogobo, ngoma ya majembe ya wakulima wa Kisukuma, ina jawabu jingine. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma: za wawindaji, za wapagazi, za wakulima. Katika nyimbo za namna hii ningi, yaani manju, hutoa, na wenzake hupokea. Pasipo kiitikio wimbo hausimami, na kila mwitikiaji ana jembe lake mkononi.

Hata hivyo ngoma nayo isisifiwe kupita kiasi. Kijiji kinachoitikia huenda ndicho kilichonyoosha kidole. Kumtia mjane aliyetuhumiwa katika kundi hilo kabla ya kumwuliza kama yuko tayari ni kumtonesha kidonda.

Ndiyo maana wasia na jembe vyahitajiana. Mwelekezi ajifunze kwa Mwana Kupona kuketi karibu na mtu mmoja. Kwa ningi ajifunze kunyamaza ili aitikiwe. Kipimo hicho chawafaa pia washairi watungao juu ya walionusurika. Beti nyingi za huruma huwalilia na kuwausia. Msomaji na atazame kama kuna hata mshororo mmoja ambao aliyepona mwenyewe ndiye asemaye.