Kopo la Kanda la Mjomba

Kopo la biskuti la mjomba wangu lina kanda 23. Nilizihesabu Desemba iliyopita nikiwa nyumbani Kibiti, barazani, yeye kakaa kwenye kigoda anamenya muhogo. Kanda tisa zimeota ukungu na hazichezi tena. Nyingine zina majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa mwandiko wake wa ujanani: Mr. II, HBC, Gangwe Mobb, Prof. Jay, Zay B. Huyo wa mwisho ndiye mwanamke pekee humo ndani.

“Zichukue, mjomba,” akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo. “Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Usipozichukua nazichoma na majani ya mkorosho.”

Nikamwambia hizo ni kumbukumbu za zama za dhahabu. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. “Dhahabu ya nani?”

Nimezaliwa 1999. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiswahili, na tasnifu yangu inahusu mashairi ya hip hop ya Tanzania. Maneno “zama za dhahabu” nimeyaandika mara nyingi kwenye pendekezo langu la utafiti bila kujiuliza swali hilo. Nilirudi chuoni na kopo mkobani, nikaazima redio ya kanda kwa fundi mmoja wa Manzese, nikakaa nazo wiki tatu. Haya ndiyo niliyoyasikia.

Nianze na kanda ambayo haimo kwenye kopo. Mwaka 1991 kijana wa Dar es Salaam aitwaye Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza, na jina lake likashikana na rapu ya Kiswahili aliyoichana juu ya mdundo wa “Ice Ice Baby” wa Vanilla Ice. Hakuchukua kipande tu, mdundo wote ulikuwa wa mwenzake. Wanaotaka historia iliyonyooka huona aibu kidogo hapa: ina maana tulianza kwa kuiga?

Lakini fuatilia huo mdundo unakotoka. Vanilla Ice naye aliuchukua, mwaka 1990, kwenye “Under Pressure” ya Queen na David Bowie, ya mwaka 1981. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Kwa hiyo besi ile iliondoka kwenye wimbo ulioimbwa na mtoto wa Unguja, ikapita London, ikapita Marekani, ikatua Dar kwa Saleh J, ng’ambo ya maji tu. Sisemi kwamba Saleh alikuwa anadai chetu. Nasema muziki huu haujawahi kuwa na mwanzo safi, popote pale.

Kule Bronx kwenyewe ulianza kwa kuchukua. Agosti 11, 1973, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba watu huchangamka zaidi kwenye kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Akatafuta njia ya kukirefusha: santuri mbili za wimbo mmoja, hii ikiisha anairudisha ile. Kipande cha sekunde chache kikawa cha dakika nzima. Baadaye mashine zikaifanya kazi hiyo kwa urahisi, na vipande vichache vikawa mali ya dunia: ngoma za Clyde Stubblefield kwenye “Funky Drummer” ya James Brown, na ngoma za Gregory Coleman kwenye “Amen, Brother” ya The Winstons ya mwaka 1969. Sekunde zile sita za Coleman zimetumika kwenye maelfu ya nyimbo. Yeye alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa ajili hiyo.

Na mwaka uleule wa 1991, mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia wimbo wa Gilbert O’Sullivan bila idhini. Tangu hapo kuchukua kukawa na bei. Kwetu, mwaka huohuo, Saleh J alichukua mdundo mzima.

Hapo ndipo nilipotarajia kopo la mjomba linifundishe jambo. Nilidhani nitasikia santuri zetu za zamani zikiwa zimekatwa na kurudishwa: gitaa la Mbaraka Mwinshehe, tarumbeta za NUTA Jazz, sauti ya Marijani Rajab. Nilikaa na kalamu niziorodheshe. Wiki ya kwanza ilipoisha, karatasi yangu ilikuwa karibu nyeupe. Nilichosikia zaidi ni kinanda cha umeme na ngoma za kompyuta. Kwenye “Machozi, Jasho na Damu” ya Profesa Jay ya mwaka 2001 kuna midundo mizuri sana, lakini masikio yangu hayakupata humo santuri ya babu.

Kwa nini? Jibu nililifikia taratibu. Kijana wa Bronx alikuta santuri sebuleni kwa wazazi wake. Kijana wa Temeke, au wa Kibiti, alikuta redio. Nyimbo za dansi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kukaa kule kwenye tepu za redio, na santuri zilizotoka zilichapwa Nairobi; nyumba zilizokuwa nazo ni za kuhesabu. Wimbo wa redioni huwezi kuurudisha nyuma. Unapita, unabaki kichwani.

Kipande cha ngoma kinachojulikana kuliko vyote nchini kwetu nacho ni cha redio. Ni ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji asiyeona aliyekuwa akizipiga nyingi kwa mpigo, zilizotangulia taarifa ya habari. Babu yangu aliposikia ngoma ile alinyamazisha nyumba nzima. Huo ndio mdundo wetu wa “Amen, Brother”, na umechezwa kila siku kwa miaka na miaka. Lakini kazi yake ilikuwa kutuambia tukae kimya, anayezungumza ni mwingine.

Basi MC wa Tanzania alikata nini, kama si santuri? Nadhani alikata usemi wa watu. Sikiliza “Ndio Mzee” ukiwa na wazo hilo. Profesa Jay anajifanya mgombea jukwaani, anamwaga ahadi moja baada ya nyingine, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na umati unamwitikia kwa maneno yaleyale ya jina la wimbo. Mwitikio huo hakuutunga yeye. Tumeusikia kwenye mikutano, kwenye foleni, mbele ya meza ya mtendaji, kila mahali ambapo mdogo anamkubalia mkubwa ili aondoke salama. Profesa Jay aliukata hapo ulipokuwa, akaurudisha tena na tena kama Herc na santuri zake mbili. Mara ya kwanza unasikia heshima. Kufikia mara ya kumi unasikia woga, na unacheka kwa sababu umeusikia mdomoni mwako.

Gangwe Mobb walifanya hivyohivyo na lugha ya Temeke. “Mtoto wa Geti Kali” haihitaji santuri ya mtu. Ina lafudhi, ina mikato ya maneno, ina kijana anayezungumza kama wale waliosimama nje ya kibanda cha mjomba. Naye Mr. II, aliyetoa “Ni Mimi” mwaka 1995, alichukua manung’uniko ya kijiweni akayaweka kwenye mizani ya mistari. Ukitaka kuipima hip hop yetu ya miaka ile kwa kipimo cha Bronx, kwa kuuliza imekata santuri gani, utaiona maskini. Ukiipima kwa masikio yaliyolelewa na redio na mkutano wa hadhara, ina utajiri ambao wenzetu hawana.

Hapo tasnifu yangu ilikuwa imepata hoja, nikafurahi. Nikampigia mjomba simu nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa. Sasa mbona mwaka ule hatukuupiga?”

Sikuhitaji kuuliza mwaka gani. Kati ya 2015 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita kwenye kipindi ambacho hata leo watu hukizungumza kwa kushusha sauti. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Bodaboda zilikatazwa kutembea usiku. Nilikuwa kidato cha nne. Tulikuwa tunafunga mlango kabla ya magharibi na mama anapunguza taa. Wakati huo mjomba alikuwa ameshaachana na kanda, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi, na biashara yake ilikuwa ya jioni, watu wakitoka shamba. Jioni ilipokufa, kibanda kilikufa. Alihamia Mbagala miaka miwili.

Mwezi huohuo wa Aprili, Dar es Salaam, rapa Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na kupatikana siku kadhaa baadaye. Maneno yaliyotembea mjini yalikuwa ndiyo yaliyotembea kwetu: watu wasiojulikana.

Nimekaa na swali la mjomba kwa miezi, na nadhani linagusa mpaka wa zile kanda ninazozipenda. “Ndio Mzee” inafanya kazi kwa sababu mzee yupo. Ana sauti ya kuigizwa, ana jukwaa, ana ahadi zinazoweza kuhesabiwa. Kejeli inataka uso. Kibiti ya 2017 haikuwa na uso wa kuigiza. Hapakuwa na usemi wa kukata, maana watu hawakuwa wakisema. MC anayeishi kwa kuchukua maneno ya barazani atachukua nini baraza likiwa tupu?

“Wimbo ule ni wa kucheka,” mjomba alisema. “Mwaka ule ungemcheka nani, na kwa sauti gani?”

Silaumu wasanii. Profesa Jay na Mr. II walibeba maneno yao mpaka bungeni, mmoja akiwa mbunge wa Mikumi, mwingine wa Mbeya Mjini. Ninachokataa sasa ni ile desturi yetu, sisi wasomi na mashabiki, ya kuziita kanda hizi “sauti ya wananchi” kana kwamba wananchi wote walikaa karibu na kinasa sauti. Zilikuwa sauti ya Dar kwa sehemu kubwa, na sehemu kubwa zilikuwa za wanaume. Zilitufikia sisi, tukazipenda, tukazijua kwa moyo. Sisi hatukuzifikia.

Tena zilitufikia kwa wizi, na mwizi ni wa ukoo wangu. Ulikuwa unampelekea mjomba kanda tupu na orodha ya nyimbo, kesho yake unaikuta imejaa. Nyingine zilipanda mashua Nyamisati zikaenda Salale, Mbwera na Kiongoroni, kwa wakata boriti za mikoko na wavuvi wa kamba waliokuwa na redio za betri. Hakuna msanii aliyepata senti. Nimeandika hapo juu kwa uchungu habari za Gregory Coleman. Itakuwa unafiki nikinyamaza habari za mjomba. Mwaka 2016 mahakama moja ya Dar iliamuru kampuni ya simu iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kugeuzwa miito ya simu bila ridhaa. Nilipomsomea mjomba, alicheka, kisha akanyamaza. “Na mimi wangenidai ngapi?” akauliza. Lakini bila kibanda kile, mtoto wa delta angemjua Mr. II kwa njia gani? Sina jibu linalowatosha wote wawili.

Januari nilikwenda Nyamisati kumsindikiza shangazi anayevuka kwenda Mafia. Gatini vijana walikuwa wanapakua mpunga, na spika ndogo imening’inizwa kwenye nguzo inapiga singeli. Nikasimama. Ndani ya ile kasi niliusikia mkato wa kinanda cha taarabu, mfupi, umekatwa ukarudishwa, ukarudishwa, ukarudishwa, na MC anapiga kelele juu yake kwa Kiswahili cha uswahilini. Ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye kopo wiki tatu nzima. Wazo la Herc, la kuchukua kipande kitamu na kutokiachia, lilifika Tanzania kwa watu ambao mashabiki wa hip hop huwaita wapiga kelele. Mtoto wa singeli anayo laptopu, na taarabu ya mama yake imo humo. Sasa inaweza kurudishwa nyuma.

Mmoja wao, mwenye gunia begani, alikuwa anachana mistari yake mwenyewe juu ya mdundo. Alitaja mto, akataja bei ya mpunga, akamtaja mtendaji fulani kwa cheo chake, na wenzake wakaitikia. Sikuyanasa yote kwa sababu ya injini ya boti.

Kanda zile sikumrudishia mjomba. Zile 14 zinazocheza nimezihamishia kwenye kompyuta, na zile tisa zenye ukungu nimezihifadhi hivyohivyo. Kwenye tasnifu nimefuta “zama za dhahabu” kila mahali nilipoliandika, nikaweka miaka: 1991 hadi 2004. Msimamizi wangu ameuliza sababu. Nimemwandikia kwamba nitamweleza kwenye sura ya tatu, ambayo itaanzia gatini Nyamisati.