Sauti ya 7 ya Chamwino

Mgeni aliyezoea kinanda cha kwaya akifika Chamwino, Dodoma, wakati wa Tamasha la Muziki wa Cigogo atasema moyoni, kama nilivyosema mimi mtoto wa Tanga, kwamba marimba ya huku hayajapangwa sawasawa. Kuna sauti moja inayokera. Iko chini kidogo ya unapoitarajia, lakini haihami: kila ikirudi, inarudi palepale. Nikadhani ni uchakavu wa chombo. Mara kinamama wakapokea wimbo, nao wakaikanyaga sauti ileile, wote kwa pamoja. Nikajua mbovu ni sikio langu.

Mtafiti Gerhard Kubik alikwishaichambua ngazi hii ya sauti za Wagogo. Uzi uliokazwa ukipigwa hautoi sauti moja. Juu ya ile ya msingi zimo nyingine nyembamba, zinazotetema mara 2, mara 3, mara 4 na kuendelea. Wagogo huokota noti zao humo, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Ya 7 ndiyo iliyonichanganya, kwa kuwa iko chini ya noti ya kinanda kwa takriban theluthi ya nusu toni. Kinanda ndicho kilichosogezwa ili kifae kwa nyimbo za kila ufunguo. Mgogo amebaki na uzi wake.

Nikaomba kulitazama ilimba, yaani hayo marimba ya Wagogo, kwa karibu. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vya kudonoa kwa vidole gumba, na kwenye vyuma vimevishwa vipete vidogo vya kukwaruza. Tundu la sanduku limezibwa kwa utando wa buibui, ule anaofungia mayai. Utando huo ndio unaotoa mvumo kama wa nyuki. Kuna pia vyuma visivyoguswa kabisa: chuma cha jirani kikidonolewa, vinatetema vyenyewe. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliizunguka dunia na chombo cha namna hii, na sisi wa pwani tukadhani ni ufundi wake peke yake.

Muheme ni habari nyingine. Ngoma zake zenye kiuno chembamba hubanwa mapajani, zikalazwa mbele, zikapigwa kwa viganja, na wapigaji ni wanawake. Mwenye ngoma kubwa ndiye anayeamuru. Nilijaribu kuhesabu mapigo kwa vidole, nikapotea kabla mstari wa wimbo haujaisha.

Tamasha lenyewe lilianza 2009 chini ya Kituo cha Sanaa Chamwino, kwa juhudi za Dkt. Kedmon Mapana, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Uamuzi wake mzuri kuliko yote ni kulifanyia kijijini. Wanaotazama ndio wanaoujua wimbo. Kikundi kikiteleza, bibi aliyekaa kwenye vumbi anacheka kabla mgeni hajagundua kitu.

Lawama yangu ni kwa maikrofoni. Ikisogezwa kwa mwimbaji mmoja, sauti zilizofumana zinageuka kuwa mtu na waitikiaji wake, na ule mvumo wa utando unamezwa na spika. Muziki huu ulikwisha kujipangia nani asikike na kwa kiasi gani.

Ukienda Julai, beba koti, maana upepo wa Dodoma usiku hauna mgeni. Ukisalimiwa "Mbukwenyi", itikia. Kisha usikae mbele ya spika. Kaa ubavuni mwa mpiga ilimba.