Nyota, Msalaba na Insha ya Krismasi: Juu ya Alama za Dini katika Madarasa ya Serikali

Katika habari ya alama za dini na sikukuu ndani ya madarasa ya shule za serikali, pande mbili hushindana, na kila upande hujibu upesi kuliko inavyofaa. Wa kwanza husema, Ziondolewe zote, kwa kuwa Serikali haina dini. Wa pili husema, Ziachwe, kwa kuwa ni mapambo tu na desturi ya walio wengi. Yafaa tuyapime maneno yao, na kipimo changu ni lugha yenyewe, maana mara nyingi neno hushuhudia jambo ambalo msemaji hakuliwaza.

Tuanze na wale wa kuondoa. Kila asubuhi mwalimu huandika siku na tarehe ubaoni. Akiandika Jumatatu, amehesabu siku ya tatu baada ya Ijumaa, nayo Ijumaa ni siku ya kusanyiko la Waislamu msikitini. Jumatano ni ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia, basi juma letu lina siku mbili za tano, wala hapana mtoto anayeona ajabu. Mkristo naye akitaja msalaba ametamka neno la asili ya Kiarabu. Sala, sadaka, ibada na malaika zimepita njia ile ile. Na hapa Rungwe, jina la Mungu katika Kinyakyusa, yaani Kyala, lilikuwapo kabla ya wamisionari kufika mwaka 1891. Wao walilitwaa, wakalitumia katika mahubiri. Basi atakaye ubao usio na alama ya dini hata moja, itampasa kufuta na lugha pia. Katika baadhi ya shule za Israeli alama ya kujumlisha huandikwa bila mguu wake wa chini, isifanane na msalaba. Njia ya kuondoa kila kitu huishia mahali kama pale.

Wale wa pili, wasemao kwamba ni mapambo tu, wana mtetezi mkubwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliamua kwamba Italia haikuvunja haki kwa kutundika msalaba katika madarasa ya serikali, ijapokuwa mwaka 2009 majaji wachache wa Mahakama hiyo hiyo walikuwa wameamua kinyume. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba msalaba ukutani ni alama iliyotulia, isiyoweza kumvuta mtoto kama mafundisho yanavyomvuta, au kushiriki ibada. Wakristo wengi walifurahi. Mimi sioni la kufurahia. Msalaba ambao umeachwa ukutani kwa sababu hausemi neno, wafaa nini kwa Mkristo? Afadhali hoja ya jirani Mwislamu anayeuogopa, maana yeye angalau amekiri kwamba unasema.

Hata hivyo hukumu ile ina jambo moja jema: imetenga kuona na kutenda. Tofauti hiyo imejulikana na hapa kwetu, ingawa kwa habari nyingine. Wimbo wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika, ni sala. Chanzo chake ni wimbo uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Afrika ya Kusini. Twauimba mstarini, Wakristo kwa Waislamu, bila taabu. Walakini wanafunzi zaidi ya 120 wa Mashahidi wa Yehova walisimamishwa masomo au kufukuzwa kwa kukataa kuuimba kwa ajili ya imani yao. Mahakama Kuu haikuwakubalia. Mahakama ya Rufani iliwapa haki mwaka 2013. Tuangalie kwamba wimbo haukufutwa. Kilichoondolewa ni shuruti.

Kwa kipimo hicho natazama nyota ya Kimoravian, ambayo wasomaji wa Rungwe waijua. Inasimuliwa kuwa ilianza darasani, katika shule ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, karne ya 19, kama zoezi la jiometri. Umbo la katikati lina nyuso 26, yaani 18 za mraba na 8 za pembetatu. Kila uso huvikwa ncha ya karatasi, isipokuwa mmoja wa kutundikia. Mwalimu wa hesabu aweza kuitengeneza na watoto wa kila dini, wala hapana atakayedhurika. Lakini ikitundikwa kabla ya kufunga shule mwezi wa Desemba, na darasa zima likaamriwa kuimba chini yake, hapo si hesabu tena. Wanaojitetea husema, Tunaadhimisha tu. Basi waliangalie neno: kuadhimisha hutoka katika adhama, yaani utukufu, aadhimishaye hutukuza. Sikukuu yaweza kusimuliwa na mtu yeyote, bali huadhimishwa na wenyewe.

Wazee wajua kwa nini jambo hili lina uchungu. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakabatizwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia nyingi mikononi mwa Serikali, na Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inayafanya mambo ya dini kuwa hiari ya mtu. Lakini huku Isongole, na katika Rungwe yote, ambako Wamoravian na Walutheri wameenea, darasa la serikali laweza kurudi kuwa la misheni pasipo mtu kukusudia, kwa kuwa mwalimu, wajumbe wa kamati na watoto wengi ni wa dini moja. Na iko dini nyingine isiyotajwa kabisa: wazee waliomtegemea Lwembe kule Lubaga kwa ajili ya mvua hawana sikukuu katika kalenda, na mtoto husikia habari zao kwa jina la ushirikina tu.

Lisiloangaliwa kabisa ni insha. Msalaba ukutani wagombaniwa, lakini swali lisemalo, Eleza ulivyosherehekea Krismasi, hupita bila neno, nalo hutolewa alama. Mtoto wa Kiislamu ana njia mbili: kuandika machache apate alama chache, au kubuni. Nimesahihisha insha za kubuni. Zina wali na nyama, nguo mpya, kupelekeana sahani kwa majirani, na ni dhahiri kwamba mwandishi ameeleza Idi ya kwao akageuza jina. Swali lingaliweza kusema: Eleza sikukuu moja ya kwenu au ya jirani, jinsi inavyotayarishwa, na maneno ambayo watu huambiana siku ile. Mmoja angetuandikia habari za mwezi kuandama, mwenzake habari za alfajiri ya Pasaka makaburini, kama ilivyo desturi ya Wamoravian, na mwalimu wa Kiswahili angepata maneno mengi ambayo hayamo katika kitabu chake.