Nyundo, Fuawe na Kikuku: Uhakiki wa Istilahi za Sikio la Kati

Mifupa midogo mitatu ya sikio la kati la mamalia huitwa nyundo, fuawe na kikuku. Majina haya ni fasiri ya yale ya Kilatini, ambayo yalitolewa kwa kutazama sikio la mtu mzima. Swali letu ni hili: je, yanamfaa mwalimu anayefundisha jinsi mifupa hiyo inavyoumbika katika kiinitete?

Mwaka 1837 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Reichert, aliyechunguza viinitete vya nguruwe, alionyesha kwamba nyundo na fuawe hutokana na tao la kwanza, ambalo pia hujenga taya la chini. Kikuku, kwa sehemu kubwa, hutokana na tao la pili. Katika mijusi na ndege, mifupa inayolingana na nyundo na fuawe ingali ni bawaba ya taya. Katika mamalia bawaba hiyo imehamia sikioni, na taya limepata kiungo kipya. Mtoto wa kangaruu huzaliwa nyundo yake ingali imeshikamana na gegedu la taya.

Katika kuyaeleza haya, mfasiri huweza kupotoka mara mbili.

Kwanza, huandika "matao ya matamvua". Matao hayo hubeba matamvua katika samaki, lakini kiinitete cha mamalia hakiwi na matamvua wakati wowote. Mwanafunzi asomaye istilahi hiyo ataamini kwamba mtoto tumboni hupumua kama samaki, na mwalimu atapoteza kipindi kizima akiling'oa kosa lililopandwa na neno. "Matao ya koromeo" ni bora, kwani hutaja mahali tu, wala haidai kazi isiyokuwapo.

Pili, hulibana neno kikuku kwa kuandika "kikuku cha farasi", ati lisichanganywe na pambo la mguuni. Hofu hii haina msingi. Mfupa huu unapoanza kuumbika huwa ni pete ya seli iliyozunguka ateri ndogo, kama vile pambo lizungukavyo mguu. Katika panya ateri hiyo hubaki maisha yote. Katika binadamu hutoweka kabla ya kuzaliwa, tundu likabaki, na hapo ndipo mfano wa kikuku cha mpanda farasi huonekana vizuri. Neno letu moja, basi, linashika hatua zote mbili. Kilatini hakina bahati hiyo: Warumi wa kale hawakuwa na kikuku cha farasi, na jina lake katika lugha yao liliundwa karne nyingi baadaye.

Nyundo na fuawe hazidokezi lolote kuhusu taya. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuzibadili, maana kila aliyemwona mhunzi kazini anazielewa. Yatosha mwalimu aeleze asili yake.

Twapendekeza basi "matao ya koromeo" na "kikuku" bila nyongeza. Zaidi ya hayo, twawasihi wafasiri wasiipime istilahi ya kiungo cha mwili kwa umbo lake la mwisho peke yake. Wakipime kiungo hicho tangu kilipoanza kuumbika, kwa kuwa neno litakalomfaa daktari lisipomfaa mwalimu litahitaji kuundwa tena.