Gari Likinyamaza Halijazimika

Dereva aliyejifunzia gari la kawaida huendesha kwa masikio kuliko anavyodhani. Mlio wa stata humwambia injini imeitika, muungurumo humwambia iko hai, na kimya humwambia anaweza kushuka, kufungua boneti au kuingia ndani kunywa chai. Gari la haibridi halifuati utaratibu huo. Linaweza kusimama kimya, bila mtikisiko wowote, huku likisubiri mguu uguse pedeli tu liondoke. Makosa mengi ya hatari yanayohusu magari haya, barabarani na gereji, yana mzizi mmoja: mtu hakusikia kitu, akadhani gari limezimwa.

Tuchukue mfano wa Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza. Iliingia sokoni Japani Desemba 2011, na leo inaonekana kila kona ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, imeletwa ikiwa imeshatumika. Mengi yatakayosemwa hapa yanahusu pia Prius, Axio na Fielder za haibridi, maana mfumo wao ni wa ukoo mmoja ulioanzishwa na Prius ya Desemba 1997, iliyobuniwa chini ya mhandisi mkuu Takeshi Uchiyamada.

Nguvu inavyogawanywa

Chini ya boneti kuna injini ya petroli ya lita 1.5 na mota mbili za umeme. Hakuna stata, hakuna alterneta, hakuna klachi, wala hakuna gia za kupanda na kushuka. Badala yake kuna seti ya gia ziitwazo za sayari: gia ndogo katikati, gia nyingine zinazoizunguka, na pete kubwa kwa nje. Injini imefungwa kwenye fremu inayobeba zile gia za kuzunguka. Mota ya kwanza imefungwa kwenye gia ya katikati. Mota ya pili, yenye nguvu zaidi, iko upande wa pete, ambao ndio unaopeleka mwendo kwenye matairi ya mbele.

Meno ya gia hizo yanashikana muda wote. Kompyuta ikitaka kubadili uwiano kati ya mzunguko wa injini na wa matairi, huharakisha au hupunguza mzunguko wa mota ya kwanza. Mota hiyohiyo ndiyo inayowasha injini, na ndiyo inayozalisha umeme injini ikishawaka. Ukirudi nyuma, hakuna gia ya rivasi inayoingia. Mota ya pili huzunguka kinyume, basi. Kwa hiyo pedeli ya mafuta na mkono wa gia haviamrishi mashine moja kwa moja kama zamani. Vinapeleka maombi, na kompyuta huamua yatimizwe na injini, na mota, au na vyote kwa pamoja.

Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Ni ya nikeli, ina moduli 20 zenye jumla ya volti 144, na inveta inaweza kuupandisha umeme huo hadi volti 520, zaidi ya mara mbili ya umeme wa soketi ya nyumbani. Kompyuta haiiachi betri hii ijae kabisa wala iishe kabisa, kwa sababu kufika kwenye ncha hizo mara kwa mara hufupisha uhai wake.

Kuwasha, na lugha ya dashibodi

Kanyaga breki, bonyeza kitufe cha POWER, subiri taa ya READY iwake na itulie. Hapo gari limewaka, injini iungurume isiungurume. Ukibonyeza bila kukanyaga breki, redio na dashibodi vitaamka lakini gari haliendi, na unachokula ni betri ndogo ya volti 12.

Hapa magari yaliyotoka Japani yana mtego wao. Unapoliwasha, sauti ya mwanamke hukuarifu kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Unaisikia leo, kesho na mwezi ujao, mpaka unazoea kutojali chochote gari linachosema. Kisha siku moja maandishi ya Kijapani yanatokea kwenye dashibodi pamoja na pembetatu nyekundu, nawe unayapuuza kama ile sauti. Tafsiri ya simu kwa kamera inatosha kukuambia ni jambo gani. Tena, gari hilihili liliuzwa Marekani na Australia kwa jina la Prius c, hivyo kitabu chake cha Kiingereza kipo, na maelezo yake ya mfumo yanakufaa.

N si ya foleni

Madereva wengi hutia N wakisimama kwenye taa, na wengine huteleza na N mteremkoni, au fri kama wenyewe wanavyoita, wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye haibridi tabia zote mbili ni hasara. Gia ikiwa N, mfumo hauzalishi umeme hata kama injini inanguruma. Foleni ikiwa ndefu na AC inafanya kazi, betri kubwa inashuka tu, kwa kuwa kompresa ya AC inaendeshwa na umeme wake. Kwenye foleni kaa D na ukanyage breki. Ukisimama muda mrefu, tia P.

Mteremkoni ukitia N unatupa chakula bure. Ukiwa D na ukaachia mafuta, mota ya pili hugeuka jenereta: matairi huizungusha, umeme hurudi kwenye betri, na gari hupungua mwendo. Ukiwa N hupati umeme huo, wala hupati ule uzito unaolizuia gari kukimbia.

B ni ya mlima

Herufi B kwenye gia imezua hadithi nyingi. Wapo wanaoitumia mjini kutwa kwa imani kwamba inajaza betri zaidi. Kazi yake ni nyingine. Shuka Kitonga, mkoani Iringa, au teremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, utaona vipau vya betri vikipanda mpaka juu. Betri ikifikia kikomo ilichowekewa, umeme hauna pa kwenda. Mota haiwezi tena kulizuia gari kama mwanzo, na mzigo unahamia kwenye pedi za breki, ambazo mteremko mrefu unaweza kuzichemsha.

Ukitia B, mota ya kwanza huizungusha injini bila kuipa mafuta, nayo inakuwa mzigo wa kubana hewa. Nishati ya mteremko inaishia humo badala ya kwenye disiki. Injini itapiga kelele ghafla ilhali hujakanyaga mafuta. Usishtuke, ndivyo ilivyokusudiwa. Ukifika tambarare rudi D, kwa maana B kwenye barabara ya kawaida inapoteza umeme ambao ungeingia kwenye betri.

Breki mbili chini ya pedeli moja

Unapokanyaga breki kwa kawaida, mguu wako hausukumi pedi moja kwa moja. Kompyuta hupima umekanyaga kiasi gani, kisha hugawa kazi: sehemu kwa mota inayozalisha umeme, sehemu kwa breki za majimaji. Ule ukinzani unaousikia mguuni umetengenezwa na kifaa maalumu ili pedeli ifanane na ya gari la kawaida. Mfumo ukipata hitilafu, njia ya majimaji hubaki kama akiba, lakini pedeli huwa ngumu na hutaka mguu wenye nguvu.

Kwamba breki hii ni programu, dunia ilikumbushwa Februari 2010. Toyota iliyaita magari yapatayo 437,000 ya haibridi yarudi kurekebishwa, mengi yakiwa Prius ya kizazi cha tatu, kwa sababu breki ilichelewa kidogo kushika kwenye barabara yenye matuta au utelezi. Tiba yake haikuwa pedi mpya. Programu ilibadilishwa. Februari 2014 magari milioni 1.9 ya Prius ya kizazi hichohicho yaliitwa tena, safari hii kwa programu ya inveta. Anayenunua gari lililotumika atafute kwa namba ya chesisi kama marekebisho ya aina hiyo yalifanyika, maana gari likishavuka bahari mwito wa kiwandani haulifikii kwa urahisi.

Kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi hudumu sana. Ubaya wake ni kwamba disiki na pini za breki hupata kutu na kuganda kwa kukosa kazi, hasa pwani. Zifunguliwe na kusafishwa hata kama pedi bado ni nene.

Kushuka na kuondoka

Ajali ya kijinga kuliko zote huanza hapa. Dereva amefika nyumbani, gari limenyamaza, ufunguo uko mfukoni. Anashuka READY ikiwa inawaka. Gari litalia kumwonya, lakini kwenye kelele za mtaa mlio huo hupotea. Mtoto akiruka kitini na kuvuta gia, gari linaweza kuondoka. Na hata asipokuwepo mtoto, betri ikishuka injini itajiwasha yenyewe. Ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hatari ni hiyohiyo kwa anayelala ndani ya gari na AC ikiwa imewashwa mahali pasipopitisha hewa. Utaratibu salama ni mfupi: P, breki ya mkono, POWER, halafu utazame READY imezimika ndipo ufungue mlango.

Wa nje nao wamezoea kusikiliza. Gari la haibridi kwa mwendo wa maegesho halisikiki kwa urahisi, na asiyeona ndiye wa kwanza kudhurika. Umoja wa Ulaya umelazimisha kifaa cha sauti kwenye aina mpya za magari haya tangu Julai 2019, na kwenye kila gari jipya tangu Julai 2021. Ukiwa na gari la zamani, mzigo wa tahadhari ni wako, hasa unaporudi nyuma.

Tundu la hewa na betri ndogo

Pembeni mwa kiti cha nyuma, chini, kuna tundu lenye vipande vya plastiki linalofanana na la AC. Halipulizi, linavuta. Feni huchukua hewa ya ndani ya gari na kuipitisha kwenye betri kubwa. Ni hapa fundi wa vitambaa vya viti anaposhona kava hadi chini na kuliziba bila kujua, au begi la shule linapoegemezwa. Vumbi la barabara za murram nalo huganda kwenye feni kama blanketi. Betri ikipata joto, moduli dhaifu hufa kwanza na kuzivuta zote chini, kisha mashine ya fundi inasoma kodi P0A80, na bei utakayotajiwa ni ya betri nzima. Feni kusafishwa wakati wa sevisi hugharimu kidogo sana ukilinganisha. Na anayeosha gari asimwage maji sakafuni nyuma.

Betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Aqua imefichwa pia chini ya kiti cha nyuma, haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikifa, gari zima limekufa, hata betri kubwa ikiwa imejaa. Kubusti kunafanyika kwenye ncha maalumu iliyo kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa. Vilevile usikubali gari lako litumike kubusti la jirani. Betri ya gari lako ni ndogo na vifaa vinavyoichaji havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mafuta nayo yasiishe. Umeme wa betri kubwa ndio unaowasha injini, kwa hiyo ukikokota gari kwa umeme hadi betri ichoke, hata ukiletewa petroli kwenye dumu injini inaweza isiwake, na chaja ya mtaani haiwezi kuijaza betri hiyo.

Gereji na njiani

Nyaya za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa. Asiguse mtu asiyefunzwa. Fundi anayejua huanza kwa kuzima gari, kuuweka ufunguo mbali, kutoa waya hasi wa betri ndogo, kuchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, na kusubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Fundi wa AC naye aulizwe anatia oili gani. Kompresa ya umeme inataka oili isiyopitisha umeme, kama ND-11. Oili ya kawaida ya PAG inaweza kuharibu kinga ya nyaya zilizo ndani yake.

Gari likikwama, libebwe juu ya lori au linyanyuliwe matairi ya mbele. Likivutwa huku matairi hayo yanazunguka chini, yanazungusha mota na kuzalisha umeme hata kama gari limezimwa. Kwenye mafuriko kumbuka mahali betri zilipo: maji yakifika usawa wa kiti cha nyuma, usijaribu kuliwasha ili uone.

Ndugu anayeazima gari lako hahitaji somo la gia za sayari. Kabla ya kumpa ufunguo, mwonyeshe taa ya READY, mkataze N kwenye foleni na mteremkoni, mweleze B ni ya mlima mrefu, na mwonyeshe tundu la hewa. Na yeyote anayetaka kufungua boneti, awe yeye au fundi wa miaka 20, atazame kwanza dashibodi. Sikio halitoshi tena kujua kama gari limezimwa.